Kukokotoa ukenekaji wa michanganyiko yenye vijenzi vingi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ya ukenekaji, yaani kutenganisha vimiminika kwa kuvichemsha na kuupoza mvuke wake, nimeyakusanya kutoka kwa wanafunzi wa uhandisi wa kemikali na mafundi wa maabara wanaokuja kwangu kwa tuisheni hapa Arusha. Wachache hupanda basi la alfajiri kutoka Moshi kila Jumamosi. Nimeyaandika karibu kama wanavyoyauliza. Wengi huja wakiwa na haraka ya kujua mnara wa kukenekea uwe na trei ngapi, yaani sahani za ndani ambapo mvuke hukutana na kimiminika, nami huwarudisha nyuma hatua moja: kwanza tujue kila kijenzi kinagawanyikaje kati ya mvuke na kimiminika. Ukikosea hapo, hakuna njia ya hesabu itakayokuokoa, hata iwe ya kompyuta kubwa kiasi gani.

Vijenzi viwili nimevielewa. Vikiwa vitatu au vinne kinachobadilika ni nini?

Kwa vijenzi viwili, ukijua kiasi cha kimoja umekijua na cha pili. Ndiyo maana McCabe na Thiele, mwaka 1925, waliweza kuichora kazi nzima kwenye karatasi moja: mstari wa msawazo, mistari miwili ya uendeshaji, kisha ngazi unazihesabu kwa kidole.

Kikiingia cha tatu, karatasi haitoshi tena. Unaweza kudai methanoli iwe kiasi fulani juu na ethanoli iwe kiasi fulani chini, lakini propanoli huwezi kuipangia. Itakwenda inakokwenda, na wewe unapaswa kuitafuta. Kwa hiyo hesabu inakuwa ya kukisia, kukagua, kusahihisha na kurudia. Vijenzi viwili unavyovipangia masharti tunaviita vijenzi vikuu: chepesi kikuu, unachotaka kiende juu, na kizito kikuu, unachotaka kibaki chini. Vingine vyote hufuata mkondo.

Nianzie wapi?

Anza na thamani ya K ya kila kijenzi, yaani sehemu yake kwenye mvuke ikigawanywa kwa sehemu yake kwenye kimiminika. Kwa michanganyiko inayoelewana vizuri, kama alkoholi tatu ninazotumia darasani, sheria ya Raoult inatosha: K ni kanieneo (shinikizo) ya mvuke wa kijenzi kikiwa peke yake, ikigawanywa kwa kanieneo ya mnara. Kanieneo ya mvuke unaipata kwa mlinganyo wa Antoine wa mwaka 1888, ambao hadi leo hatujaona sababu ya kuuacha.

Kwenye nyuzi 80 za Selsiasi, mlinganyo huo unatoa takriban milimita 1,356 za zebaki kwa methanoli, 812 kwa ethanoli na 381 kwa propanoli ya kawaida. Ukigawanya zote kwa ile ya propanoli unapata 3.56, 2.13 na 1. Hizo ndizo namba za wepesi linganishi wa kuvukiza. Ziandike pembeni ya daftari lako, maana nitazitumia hadi mwisho wa ukurasa huu.

Je, kuwa Arusha au Moshi kunabadilisha hesabu?

Kunabadilisha sana, na hili ndilo kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote. Kijana mmoja aliniletea kipimajoto akiwa na hakika kuwa kimeharibika. Alikuwa amenunua cha pili, nacho kikampa jibu lile lile. Tukateleka maji kwenye sufuria ndogo juu ya jiko la gesi, tukashikilia kipimajoto katikati bila kugusa kitako. Maji yalichemka kwa nguvu, mapovu makubwa, mfuniko ukagonga, na zebaki ikasimama kidogo tu juu ya 95. Vipimajoto vyote viwili vilikuwa vizima.

Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo kanieneo ya hewa ni takriban milimita 642 za zebaki badala ya 760. Maji huchemka kwenye nyuzi 95.4, na ethanoli safi kwenye 74 badala ya 78.3. Moshi iko chini zaidi. Ukichukua mita 850, maji yatachemka karibu na nyuzi 97. Mnara ulio wazi kwa hewa utafuata kanieneo ya mahali ulipo, haujali kitabu kiliandikwa wapi.

Fanya jaribio kwa mchanganyiko wetu: methanoli 30, ethanoli 50 na propanoli 20 kwa kila moli 100. Unakisia nyuzijoto, unazidisha kila sehemu kwa kanieneo ya mvuke wake, unajumlisha. Kwenye nyuzi 70 jumla ni 601, pungufu. Kwenye 72 ni 651, imezidi. Jibu la Arusha liko kwenye nyuzi 71.6. Kwa mtu wa Tanga, pale ufukweni, mchanganyiko huo huo huchemka karibu na 75.9. Povu la kwanza la Arusha litakuwa na methanoli karibu asilimia 47, ethanoli 45 na propanoli 8. Hapo umeshaona mnara utafanya nini, na bado hujagusa trei hata moja.

Njia fupi ya kukisia ukubwa wa mnara ni ipi?

Ni mlolongo wa milinganyo mitatu iliyoandikwa na watu tofauti: Fenske mwaka 1932, Underwood mwaka 1948 na Gilliland mwaka 1940. Naupenda mlolongo huu kwa sababu kila mmoja unajibu swali lake.

Tuseme tunataka asilimia 98 ya methanoli yote iende juu, na asilimia 98 ya ethanoli yote ibaki chini. Katika moli 100 zinazoingia, juu zitatoka methanoli 29.4 na ethanoli 1. Chini zitabaki methanoli 0.6, ethanoli 49 na propanoli 20. Mazao ya juu ni moli 30.4, ya chini 69.6.

Fenske anauliza: kama kila tone la juu lingerudishwa mnarani, ni hatua ngapi, yaani trei kamilifu, zingetosha? Unachukua uwiano wa methanoli juu kwa chini, 29.4 kwa 0.6, ambao ni 49. Unachukua ethanoli chini kwa juu, 49 kwa 1, ambayo nayo ni 49. Unazizidisha, unatafuta logi asilia, unapata 7.78. Unagawanya kwa logi asilia ya wepesi wa methanoli dhidi ya ethanoli, yaani 3.56 kwa 2.13, ambao ni 1.67. Logi yake ni 0.513. Jibu ni hatua 15.2, riboila, yaani kichemshio cha chini ya mnara, ikiwemo.

Mlinganyo huo huo unakuonyesha propanoli imekwenda wapi. Ukifanya hesabu yake, kiasi kinachopanda juu ni chini ya moli moja katika milioni. Kwa hiyo tulikuwa sahihi kuiacha yote chini.

Underwood anauliza kinyume chake: kama trei zingekuwa hazina mwisho, ni kiasi gani kidogo kabisa cha kimiminika lazima kirudishwe juu? Hapa wanafunzi wengi hukwama, kwa sababu kuna namba moja ya kuitafuta kwa kukisia, tunayoiita theta (θ). Kwa mchanganyiko unaoingia ukiwa kimiminika kilichofika kiwango cha kuchemka, mlinganyo ni huu:

1.068/(3.56 − θ) + 1.065/(2.13 − θ) + 0.2/(1 − θ) = 0

Namba za juu ni wepesi wa kila kijenzi ukizidishwa kwa sehemu yake. Theta lazima iwe kati ya wepesi wa vijenzi vikuu viwili, yaani kati ya 2.13 na 3.56. Ukiitafuta nje ya hapo utapata jibu linalopendeza ambalo si la tatizo lako. Jaribu 2.85: jumla ni hasi 0.083. Jaribu 2.90: chanya 0.130. Kwenye 2.87 imekaribia sifuri vya kutosha. Sasa ingiza theta hiyo kwenye mlinganyo wa pili kwa mchanganyiko wa juu, ambako methanoli ni 0.967 na ethanoli 0.033: (3.56 × 0.967)/(3.56 − θ) + (2.13 × 0.033)/(2.13 − θ), kisha toa 1. Rifulaksi ndogo kabisa, yaani uwiano wa kinachorudishwa kwa kinachotolewa juu, inatoka 3.9. Maana yake, kwa kila moli moja unayoitoa, karibu nne lazima zirudi.

Gilliland ndiye anayewapatanisha hao wawili. Mchoro wake umeandikwa upya kwa milinganyo kadhaa, nami natumia ule wa Eduljee kwa sababu unaingia kwenye mstari mmoja wa kikokotoo. Ukichukua rifulaksi mara 1.3 ya ile ndogo kabisa, yaani 5.07, unapata hatua 29 hivi. Ukibana hadi mara 1.1, hatua zinaruka hadi 37. Ukilegeza hadi mara 1.5, zinashuka hadi 25. Lakini tazama mvuke: kwa moli 100 zinazoingia, mvuke unaopanda ni moli 161 kwenye mara 1.1, 185 kwenye mara 1.3 na 208 kwenye mara 1.5. Chuma unakinunua mara moja, kuni au mafuta ya boila unayalipia kila siku. Mimi nikiwa na mafuta ya bei ghali huwa naegemea upande wa trei nyingi.

Mahali pa kuingizia mchanganyiko utapakisia kwa mlinganyo wa Kirkbride wa 1944. Kwa mfano wetu unatoa hatua 12 au 13 kutoka juu.

Mwenzangu amefanya swali hilo hilo akapata hatua 14.5 kwa Fenske. Nani kakosea?

Pengine hakuna. Wepesi linganishi haukai pale pale kutoka juu hadi chini ya mnara. Kwa mfano wetu, mnara ukiwa kwenye usawa wa bahari, juu kwenye nyuzi 65 methanoli dhidi ya ethanoli ni 1.77; chini kwenye nyuzi 82 ni 1.66. Yeye alichukua wastani wa kijiometri, 1.71. Mimi nilichukua 1.67 ili kubaki upande wa tahadhari. Andika daima ulichochagua, aliye mezani pa pili asilazimike kukisia.

Hatua 29 ni sawa na trei 29?

La. Hatua ya hesabu ni trei kamilifu, ambayo mvuke unaoiacha umesawazika kabisa na kimiminika kinachoiacha. Trei halisi haifiki hapo. Ondoa riboila, ubaki na 28, kisha gawanya kwa ufanisi wa trei. Kwa asilimia 65, unahitaji trei 43 hivi. Ufanisi wenyewe hupimwa au huchukuliwa kutoka mnara unaofanana na wako, usiubuni.

Njia fupi haitoshi lini, na njia ndefu inafanyaje kazi?

Njia fupi inadhani wepesi linganishi haubadiliki na kwamba moli za mvuke ni zile zile kutoka trei hadi trei. Ukiwa na maji ndani, au mchanganyiko unaoingia sehemu mbili, au unataka kujua nyuzijoto za trei ya 9, unahitaji kukokotoa kila hatua.

Kila hatua ina milinganyo ya aina nne: mizania ya kila kijenzi, msawazo wa kila kijenzi, jumla za sehemu kuwa moja, na mizania ya joto. Kwa vijenzi vitatu na hatua 30, unapata milinganyo 270 inayotegemeana. Lewis na Matheson mwaka 1932 waliitatua kwa kukisia mazao ya mwisho na kutembea trei kwa trei kutoka ncha zote mbili hadi zikutane. Thiele na Geddes mwaka uliofuata wakakisia nyuzijoto za kila trei badala ya mazao. Nawaheshimu sana, maana walifanya kwa penseli.

Kompyuta ilipofika, milinganyo ya mizania ilipangwa kwenye matriksi (jedwali la namba) yenye mistari mitatu tu ya mshazari iliyojaa namba, kwa sababu trei inazungumza na jirani wa juu na jirani wa chini pekee. Wang na Henke mwaka 1966 walijenga juu ya hilo: tatua matriksi, tafuta nyuzijoto za kuchemka za kila trei, sahihisha mvuke kwa mizania ya joto, rudia. Ni njia nzuri kwa vijenzi vinavyochemka karibu karibu. Naphtali na Sandholm mwaka 1971 wakaitatua milinganyo yote kwa pamoja kwa njia ya Newton, na hii inavumilia michanganyiko migumu. Boston na Sullivan mwaka 1974 wakaja na njia ya kutenga mzunguko wa ndani, unaotumia K nyepesi za kukadiria, na mzunguko wa nje unaozisahihisha kwa K halisi.

Kama unataka kuelewa, andika ya Wang na Henke mwenyewe kwenye Excel, mara moja tu maishani. Baada ya hapo tumia programu bila aibu.

Programu inagoma kutulia. Nifanye nini?

Kwanza angalia kama umedai kisichowezekana: rifulaksi iliyo chini ya ile ya Underwood, au mazao ya juu yanayozidi kilichoingia. Hilo ndilo nililolikuta mara nyingi zaidi nikikaa pembeni ya mwanafunzi. Kisha mpe kompyuta nyuzijoto za kuanzia zenye akili: za juu na za chini zikokotoe kwa mkono, za katikati zipangwe kwa mstari mnyoofu. Ikigoma tena, anza na rifulaksi kubwa, ikitulia ishushe kidogo kidogo.

Shikamoo mwalimu. Huku kwetu wanasema ukimwaga kikombe cha kwanza cha gongo, methanoli yote imekwenda. Ni kweli?

Marahaba. Si kweli, na nakuomba umwambie kila anayesema hivyo.

Wanaosema hivyo wanatazama viwango vya kuchemka vya vitu vikiwa peke yake: methanoli nyuzi 64.7, ethanoli 78.3, maji 100. Wanahitimisha kuwa methanoli hutangulia yote. Lakini ndani ya pipa hakuna kitu kilicho peke yake. Kuna maji mengi, alkoholi kidogo. Ethanoli haipatani na maji kama methanoli inavyopatana nayo, kwa hiyo maji yakiwa mengi ethanoli husukumwa kwenda kwenye mvuke kwa nguvu kubwa zaidi kuliko sheria ya Raoult inavyosema. Methanoli nayo husukumwa, ila kidogo. Matokeo yake, kwenye kimiminika chenye maji mengi, ethanoli inaweza kuvukiza kwa wepesi kuliko methanoli. Mpangilio umegeuka. Methanoli itatoka mwanzo, katikati na mwishoni.

Hapa ndipo Raoult hafai kabisa, na unahitaji milinganyo inayosahihisha K kwa kila jozi ya vijenzi: Wilson wa 1964, NRTL ya Renon na Prausnitz ya 1968, au UNIQUAC ya 1975. Viwanda vinavyotengeneza spiriti kutokana na molasesi huondoa methanoli kwa minara iliyokokotolewa hivyo, na huipima maabara kabla ya kuuza. Pipa na bomba la shaba havina hatua za kutosha wala kipimo. Methanoli hupofusha, na huua. Hesabu hii inagusa macho ya watu.

Kwa nini siwezi kufikia ethanoli asilimia 100 hata nikiongeza trei?

Kwa sababu ya azeotropu. Ethanoli ikifika takriban asilimia 95.6 kwa uzito, mvuke na kimiminika vinakuwa na mchanganyiko ule ule. K zote ni 1 na trei inayofuata haina la kufanya. Mlinganyo wa Fenske utakudanganya hapa, utakupa namba nzuri ya trei kwa kazi isiyowezekana. Maji yaliyobaki hutolewa kwa zeolaiti, madini yenye vitundu vidogo sana, inayoyanyonya, au kwa kuongeza kijenzi kingine kama saiklohekseni.

Nina vijenzi vinne. Minara mingapi?

Mitatu, ukitaka kila kimoja kitoke kikiwa safi. Kuna mipangilio mitano ya kuiunganisha. Kwa vijenzi vitano ni kumi na minne. Toa kwanza kilicho kingi zaidi, na utengano mgumu uache mwisho, vikiwa vimebaki viwili tu.

Programu za kulipia siziwezi.

DWSIM, programu ya kukokotoa ukenekaji, ni ya bure na inafanya kazi hata kwenye kompyuta mpakato ya kawaida. Ina Raoult, NRTL na UNIQUAC. Kwanza iambie kanieneo ya mahali ulipo, usiiachie ile ya usawa wa bahari.

Nipe zoezi la kujipima.

Chukua alkoholi zile zile, 30, 50 na 20, na wepesi ule ule wa 3.56, 2.13 na 1. Safari hii tenga ethanoli na propanoli: asilimia 98 ya ethanoli iende juu, asilimia 98 ya propanoli ibaki chini, na methanoli yote ipande. Ukipata hatua 10.3 kwa Fenske, theta ya 1.13 na rifulaksi ndogo kabisa ya 0.83, njoo Jumamosi tuendelee na NRTL. Ukipata tofauti, njoo na daftari lenye makosa yako yote, usiyafute.